Sauti Iliyofungwa Ndani ya Disketi

Kaka yangu Wafula,

Nakuandikia saa ya chakula cha mchana. Wenzangu wote wameshuka kwa mama wa githeri, na ofisi imebaki na mimi, feni na ile kompyuta. Nimeizima na kuiwasha upya ili nipate muda wa kuongea nawe kabla haijanyamaza tena. Najua barua hii haitakufikia huko Bungoma tulikokulaza. Lakini kuna jambo litafanyika leo hapa ofisini, jambo ulilonikataza, na sitaki lifanyike kimya kimya kana kwamba hukuwahi kuwa na neno juu yake. Ndiyo maana naandika wazi, aisome atakaye.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza. Surua iliponiachia giza nikiwa mtoto, mama alilia, na wewe ukaanza kunizungusha nyumba hadi nyumba ukiniuliza, "Hapa ni kwa nani, Neke?" Nikikosea ulinicheka bila huruma. Nikipata ulinicheka vilevile. Tulipohamia huku, ukamwoa Wangari wako na tukakaa sote kwenye vile vyumba viwili vya Gitothua, haikupita wiki kabla sijajua kila mlango wa ploti ile ya wapangaji kwa mlio wa komeo lake.

Kibanda chako cha kaseti pale Ruiru nilikijua kwa mlio pia. Kabla hujapanga kaseti kwenye rafu ulikuwa unavunja vile viplastiki viwili vya mgongoni kwa ncha ya bisibisi, tak, tak, ili mtu asirekodi kitu kingine juu yake. Wateja walinung'unika. Wengine walinunua, wakaziba matundu kwa karatasi palepale mbele yako, wakaenda zao kurekodi mahubiri au matangazo ya mpira. Haikuzuia mtu kunakili, na wewe ulijua. Ilikuwa tu namna yako ya kusema kwamba kazi ya mtu isichezewe. Ulikuwa unavuta pumzi kwa pua ukiona ile karatasi, nami nikicheka chinichini nikiwa nimekaa juu ya kreti yangu ya soda.

Hasira yako ilikuwa na mwanzo, na nilikuwapo ilipoanza. Kwaya yenu ya kanisani ilirekodi kaseti moja tu. Mlichanga, mkaenda studio Nairobi, mkaimba siku nzima bila kula. Katika wimbo wa kwanza, ubeti wa pili, mama mmoja alikohoa, na kwa kuwa muda wenu wa studio ulikuwa umekwisha, kikohozi kikabaki humo humo. Kaseti zenu zilipokuja bado zikinukia plastiki mpya, uliniwekea moja mkononi ukasema, "Shika. Hii ni sisi."

Kabla hata katoni ya kwanza haijaisha, ukasikia tetesi. Ukanishika mkono tukaenda Thika, ukamwambia Wangari tunaenda kunitafutia viatu. Viatu havikutafutwa. Tulizunguka soko lile, wewe ukinisukuma taratibu kwenye msongamano, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa, na kila kibanda kikipiga chake. Halafu nikasikia kile kikohozi. Sauti zilikuwa zimefifia, zinayumba kama za watu wanaoimba wakiwa wamezama, kwa maana ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Nikakufinya mkono. Nikakwambia ni ninyi.

Ulimwuliza yule muuzaji kwa upole kabisa alikoitoa. Naye akakujibu bila hata kupunguza sauti ya redio, "Buda, hii ni yangu. Nimenunua na pesa yangu, nitaifanyia kenye nataka."

Hukumpiga. Nilitamani umpige. Ulinishika mkono ukanirudisha nyumbani. Kwaya ile haikurekodi tena, na ukiulizwa sababu ulisema watu wana shughuli nyingi siku hizi.

Kwa hiyo nilikuelewa, Kaka, nakwambia kwa moyo mweupe. Lakini nilimwelewa pia yule mama wa Kiuu. Unamkumbuka. Alikuja na kaseti iliyoliwa na redio, utepe ukining'inia nje, nikausikia ukisugua kaunta. Alitaka umpe nyingine. Ukamwambia atanunua tena kama watu wote.

"Kijana," akasema, "mimi nilinunua wimbo ama nilinunua plastiki?"

"Ulinunua kaseti, mama."

"Na wimbo?"

"Wimbo ni wa waliouimba."

"Ngai! Sasa mimi nililipia nini?"

Ulicheka. Hatimaye ulimpa nyingine, kwa sababu ulikuwa na moyo mwepesi kuliko maneno yako. Alipoondoka ukaniambia, "Wanawake wa Kiuu wana maneno." Nami nikasema moyoni kwamba maneno yale hayajaisha.

Kisha ikaja kompyuta. Mimi nilikuwa opereta wa simu hapa kiwandani, kazi wanayopewa vipofu wengi, na ilikuwa kazi nzuri. Nilijua kila meneja kwa pumzi yake. Lakini nilijua kutaipu kuliko nusu ya makarani wenye macho, na wafadhili fulani wa ng'ambo wanaosaidia vipofu waliposikia, wakanipatia kompyuta iliyotumika na programu mpya inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Ulikuja na mimi kuichukua. Kiboksi kidogo, ndani yake bahasha, ndani ya bahasha disketi. Tulipofika nyumbani bahasha uliifungua kwa meno, kama ulivyofungua kila kitu.

Halafu ukaanza kunisomea kilichoandikwa juu ya ile bahasha. Mtu mwingine angeitupa. Wewe uliisoma yote, polepole, ukitafsiri, kama unavyosoma waraka kanisani.

"Inasema hivi, Neke. Programu hii hujaimiliki. Umepewa kibali cha kuitumia."

"Kwani ni ya nani?"

"Ya walioitengeneza. Na inasema ukifungua bahasha hii, umekubali."

Kisha tukacheka hadi Wangari akatoka nje kuuliza kuna nini, maana bahasha ilikuwa imeshachanika na kipande chake kilikuwa bado mdomoni mwako. Tulicheka sana siku ile. Ninapokumbuka sasa sicheki.

Ile disketi ilikuwa na vibali vitatu. Kila ukiiweka programu kwenye kompyuta, kibali kimoja kinatoka kwenye disketi na kuingia kwenye mashine. Ukitaka kuhama, unakirudisha kwanza kwenye disketi, ndipo unahama. Ukiinakili disketi kwa njia ya kawaida, nakala inachukua kila kitu isipokuwa kibali. Ulivutiwa mno. Ulisema laiti kaseti zenu zingetengenezwa hivyo, na ulisema kwa uchungu, nami sikukupinga.

Ile sauti tuliipa jina Padri. Ilisoma Kiswahili kama mmishonari aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo, jina langu ikaligeuza kuwa kitu cha kuliwa. Lakini ilisoma! Kwa mara ya kwanza nilifungua barua iliyoandikwa kwangu nikaijua kabla ya mtu mwingine kuijua. Nilirekebisha makosa yangu mwenyewe. Meneja aliniletea kazi, nikamrudishia, na hakuna mtu aliyekaa pembeni yangu kunisaidia. Jioni nilikuja kibandani nikakwambia nimeandika barua kumi bila kumwita mtu. Ulifunga kibanda mapema, ukanunua nyama, na ulipoikatia vitunguu ulikuwa unavuta kamasi, ukasema ni vitunguu. Nilifurahi, Kaka. Sijawahi kufurahi vile.

Kibali cha kwanza kilikufa na umeme. Stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, nikasikia kitu kinapasuka ndani ya mashine na harufu ya kuungua ikajaa chumba. Kiwanda kilinipa mashine nyingine, tukaweka kibali cha pili. Hicho nacho kikafa kwa wema. Virusi viliingia, na Kimani, fundi wetu wa kompyuta, akaja Jumamosi nikiwa sipo, akasafisha mashine yote ili Jumatatu nikute imepona. Alisafisha na kibali humo humo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kuna kitu cha kurudisha kwanza. Akatumia cha tatu huku akiomba msamaha, na cha tatu hakikumaliza mwaka, kwa kuwa diski ya ndani ilianza kukwaruza, ikasimama.

Tangu hapo programu inaingia, lakini bila kibali inakubali kuongea kwa muda mfupi tu, kama urefu wa mahubiri ya mchungaji aliye na haraka. Baadaye inakata. Haionyi. Inakatika katikati ya neno, na mpaka uizime mashine na kuiwasha upya hairudi. Kama hukuwa umehifadhi kazi yako, imekwenda.

Uliwaandikia wenye programu. Nilikutajia maneno ukayaandika kwa mkono, mwandiko wako wa shule ya misheni, ukaenda posta mwenyewe. Walijibu mara moja tu. Jina langu halikuwa kwenye orodha yao, walisema, maana waliotoa pesa ni wafadhili, na wafadhili nao walikuwa wamefunga ofisi na kwenda. Tulishauriwa kununua nyingine. Bei yake ukaisoma mara mbili, kisha ukakunja ile karatasi. Ukasema, "Tutawaandikia tena. Hawajatuelewa." Barua ya pili ukaipeleka posta wiki ile ile.

Na hapo ndipo Kimani aliposema anaweza kuivunja.

Alikuja nyumbani Gitothua, akanywa chai, akaongea na wewe kwa heshima. "Hii kitu iko na lock, bro, lakini hakuna lock haifunguki. Kuna jamaa Nairobi ako na kadude ka kuidanganya ikafikiri iko na kibali. Shida ni moja tu. Tukijaribu na ikatae, disketi inafutika. Hata hako kasauti kadogo Neke ako nako kataenda."

Ulikataa kabla hajamaliza chai. Alipoondoka tukagombana, mara yetu ya kwanza na ya mwisho. Nilikwambia yule mama wa Kiuu alikuwa na haki. Nilikwambia programu hii ni yangu, nilipewa mimi, jina langu liwe kwenye orodha yao au lisiwe.

"Neke, wakituvunjia sisi ni wizi," ulisema. "Sisi tukivunja ni nini?"

"Mimi siendi kuiuza sokoni! Nataka isome barua, basi."

"Yule wa Thika naye alisema ni yake."

"Yule alichukua cha kwenu akauza. Mimi nachukua nini, na kwa nani?"

Wangari alikuwa amesimama mlangoni, sijui ameshika nini, sufuria labda, na akasema kwa sauti ya chini, "Aterere, sikizeni, muache. Wote mko na ukweli na hakuna mtu anasaidika." Wewe ukatoka nje. Nilikusikia umekaa kwenye ngazi ya jirani. Hukuingia mpaka chakula kikapoa.

Kisha kifua kikakushika. Tulidhani ni vumbi la barabara. Ulipolazwa hospitali ya Thika nilikuwa nakuja baada ya kazi, nikihesabu vitanda kwa mkono mpaka chako. Siku ile ya mwisho uliniuliza mambo mawili tu.

"Padri bado anaongea?"

"Anaongea. Lakini anakatika."

"Wamejibu?"

Nikakwambia hawajajibu. Ukapumzika kidogo, nikasikia jinsi hewa ilivyokuwa inakataa kuingia. "Watajibu," ukasema. "Usiivunje. Ngoja wajibu." Ulikuwa unaamini kabisa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba uliwaamini watu ambao hawakujua hata kama upo.

Nimengoja, Kaka. Tumekuzika, mvua zimekuja zikapita, na nimengoja. Niliwaandikia tena mwenyewe, nikitaipu ndani ya kipande hiki cha muda anachonipa Padri. Kimya.

Hapa ofisini mambo yamebadilika kwa namna nisiyoipenda. Ile swichi-bodi yangu ya zamani imeng'olewa. Sasa ukipiga simu unapokewa na mashine, inakwambia ubonyeze hiki au kile, na pale nilipokuwa nakaa wameweka kabati la mafaili. Sina pa kurudi. Meneja mpya, mama mmoja anayevaa viatu vya kisigino, huwa anasimama nyuma yangu bila kusema neno. Anadhani simsikii. Juzi akaniuliza, "Nekesa, mbona hii mashine yako inazimwa-zimwa hivi?" Nikamwambia ina tatizo dogo. Akasema mwezi ujao zinakuja mpya ofisi nzima, na akauliza kama programu yangu itaingia kwenye hizo. Nikamwambia itaingia. Akasema, "Sawa. Tutaona." Akaondoka, visigino vikigonga sakafu hadi mwisho wa korido.

Redioni kila siku wanasema mwaka ukigeuka kompyuta zote zitachanganyikiwa. Watu wanaogopa ndege zitaanguka na stima itazima. Mimi naogopa kitu kidogo zaidi, na hakuna anayekitaja. Kimani ananiambia nyimbo sasa zinakuja kwenye sahani za kung'aa, na filamu vilevile, na kwamba huko ng'ambo wanabishana jinsi ya kuzifunga ili zisinakiliwe. Hazina viplastiki vya kuvunja, wala tundu la kuziba kwa karatasi. Kufuli liko ndani kabisa na mwenye ufunguo yuko nchi nyingine. Wenye macho bado hawajui. Wanadhani haya ni matatizo ya Nekesa kipofu. Siku moja watafungua kitu walicholipia kwa jasho lao, kitakataa, na hakutakuwa na kibanda cha kwenda kuuliza, wala kijana wa kuwaonea huruma akawapa kingine.

Wewe ulitaka kufuli kwa sababu uliibiwa. Sikulaumu. Lakini kufuli halimjui mwizi, Kaka. Yule wa sokoni Thika halikumgusa hata kidogo. Limenikuta mimi.

Kimani anakuja leo. Nimemwita mwenyewe. Amesema mchana huu, kabla watu hawajarudi kutoka kula, ndio wakati mzuri. Kile kidude cha kudanganya anacho tayari, na atajaribu mara moja. Ikikubali, Padri ataongea mpaka nimchoke, na mashine mpya zikija nitahama naye. Ikikataa, nitakuwa mwanamke anayepiga taipu asichokisikia, mbele ya meneja anayengoja kuona. Nimewaza usiku na mchana na sijapata njia ya tatu. Sikuombi ruhusa. Ningekuwa nakuomba ningengoja jibu, na nimechoka kungoja majibu. Nakuarifu tu, kwa sababu wewe ungeniarifu, na kwa sababu nakupenda, na kwa sababu naogopa sana na huna mkono wa kunishika.

Nilitaka kukueleza habari za Wangari pia. Ameuza kibanda kwa mtu wa Mwihoko anayeuza redio na betri. Kaseti zako amezileta nyumbani zote, na Jumapili huwa anapiga ile ya kwaya. Kila ikifika ubeti wa pili tunasubiri wote yule mama akohoe. Halafu Wangari anasema, "Huyo naye, hata kumeza mate kidogo angemeza," na tunach

Padri amekata. Hapa hapa, nikitaipu.

Naendelea, vidole vinajua njia, lakini sisikii tena ninachoandika. Kuanzia hapa makosa yatakuwa mengi na sina wa kunisomea. Nikiizima mashine sasa ili arudi, sijui kama barua yako itasalia, kwa hiyo siizimi. Disketi iko mkononi. Nimeishika kiasi kwamba imepata joto.

Mlango wa chini umefunguliwa. Huo ni mwendo wa Kimani, anapanda ngazi mbili mbili. Lala, Kaka. Usinisubiri nikwambie ilivyokwenda.

Mdogo wako,
Nekesa